Irine Atalala kwa Nani?

Filister huuza omena, dagaa wa ziwani, pale ufukweni Sori. Asubuhi moja aliwaanika juani, lakini mawazo yake yalikuwa kwa binti yake, Irine. Filister na mumewe Willis, mvuvi, walikuwa wametengana. Ndugu wa pande zote mbili walimuuliza mtoto kila siku, "Unampenda nani zaidi?" Irine alikuwa ameacha kujibu.

Kesi ya talaka ilikuwa kortini. Jaji aliwatuma kwanza kwa mpatanishi, Damaris, mjini Migori.

"Mpatanishi ni nani tena?" Filister alijiuliza. "Atanirudisha kwa Willis kwa nguvu?"

Willis alifika ofisini amenuna. "Madam, wewe ndio utatuamulia?"

"Hapana," alisema Damaris. "Mimi nawasaidia msikizane, mkubaliane wenyewe. Simlazimishi mtu kurudiana. Mkishindwa, jaji ataamua. Na maneno ya hapa hayatoki nje."

"Basi Irine ni wa dala yangu, boma langu. Mtoto hubaki kwa baba," alisema Willis.

"Na nani atalala naye ukiwa ziwani?" Filister alifoka.

Damaris hakumkemea mtu. Alitaka kujua. "Baba Irine, unaenda ziwani kila usiku?"

"La. Omena tunavua na taa, kukiwa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, hawafuati taa. Tunakaa tu nyumbani."

"Siku hizo uko nyumbani usiku?"

"Eeh. Kabisa."

Miaka yote Filister aliuchukia mwezi mkubwa, kwa kuwa ulimnyima omena. Hakuwahi kuufikiria hivi.

"Basi mwezi ukiwa mkubwa, Irine alale kwako," alisema polepole. "Giza likirudi, alale kwangu. Shule ni ile ile."

Willis alimtazama. "Hiyo naweza."

Damaris aliandika makubaliano. Walisomewa, wakatia sahihi.

"Jaji akiyapitisha, yatakuwa amri ya korti," alieleza. "Kila mmoja atayafuata."

Jaji aliyapitisha, na talaka ikatoka. Jioni moja Irine aliingia mbio.

"Mama, mwezi umekuwa mkubwa! Begi langu liko wapi?"

Filister alimpa begi. Moyo ulimuuma kidogo. Nje, Willis alikuwa akingoja.

"Oimore, Mama Irine," alisalimia.

"Oimore. Amekula tayari."

Siku hizi hakuna anayemuuliza Irine anampenda nani zaidi. Yeye huangalia tu mwezi juu, akajua atalala kwa nani.