Mkono wa Bi Chiku

Kila alasiri Sabra alipotoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwinua bibi yake mkekani ili akatawadhe. Bi Chiku alikuwa mama mzazi wa baba yake, na nyumbani kwao Mabawa kila mtu aliuzoea utani wao.

"Umerudi, mke mwenzangu?" bibi huuliza. "Mume wetu umemwacha wapi?"

"Kasema hakutaki tena, umezeeka," Sabra hujibu.

Lakini miezi ya karibuni utani ulipungua. Bibi alilalamika mgongo. Alichoka upesi, rangi ilimpauka, na alikunywa maji kama mtu aliyeshindia ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. "Uzee huo," majirani walisema, na mwenyewe aliitikia, "Ndio uzee."

Siku moja wenzake Sabra walikuwa wakimwita nje wakacheze rede. Bibi alikuwa bado anahangaika kupiga goti ainuke.

"Polepole, mjukuu wangu."

"Bibi nawe! Rede inaanza."

Sabra aliushika mkono wake, akauvuta. Hakuuvuta kwa nguvu. Kitu kikalia ndani ya mkono kama kijiti kikavu kilichokanyagwa, na bibi akapiga yowe. Mkono ukaning'inia.

Baba yake, Idarusi, alitoka mbio kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, mikono imejaa grisi. "Kuna nini?"

"Kateleza bombani," Sabra alisema. Maneno yalimtoka kabla hajayafikiri. Bibi alimtazama, akauma mdomo asimchongee mjukuu wake.

Bomba lilikuwa hapo hapo uani, hatua chache kutoka mkekani, na Jenifa, mpangaji wao aliyetoka Lushoto aliyezoea kufulia hapo, alikuwa ametoka aliposikia yowe. Baba alimgeukia. "Si nilikukataza kumwaga mapovu? Tazama, umemvunja mama yangu!"

"Leo sijafua mie, Baba Sabra."

"Kumbe mapovu yamejimwaga yenyewe!"

Jenifa aliingia chumbani kwake akilia. Sabra aliyasikia yote, akainama kumpepea bibi.

Jioni ile aliletwa Mzee Kombo, fundi wa kuunga mifupa kutoka Pongwe. Aliunyoosha mkono, akaufunga kwa vipande vya mwanzi. "Mtu mzima akianguka ndivyo," alisema. "Utaunga tu."

Haukuunga. Wiki zilipita, mkono ukavimba, na bibi hakuweza tena hata kujigeuza. Usiku aliguna, na Sabra, aliyelala chumba kimoja naye, aliziba masikio kwa kanga. Asubuhi hata uji ulimshinda Sabra.

Mzee Kombo aliitwa tena. Aliupapasa mgongo, akatikisa kichwa. "Mwanguko ule ndio uliofunga mgongo huu. Mlazeni kifudifudi niuchue, hasa hapa katikati." Alijipaka mafuta ya nazi viganjani, akaweka goti kando ya uti wa mgongo. Bi Chiku alianza kutweta.

"Babu, usimbonyeze!" Sabra alipiga kelele. "Hakuanguka! Mimi ndiye niliyemvuta mkono!"

"Unasemaje wewe?" baba aliuliza.

"Nilimvuta kidogo tu, baba. Mkono ukalia. Nikaogopa."

Mzee Kombo aliondoa goti. "Hebu nivute mimi vilevile." Sabra akamvuta. Mzee aliutazama mkono wake mwenyewe, kisha akamtazama Idarusi. "Kwa hivi? Mfupa mzima hauvunjiki kwa hivi. Mie simgusi tena. Mna kitu humo ndani kinaula mfupa. Mpelekeni hospitali leo hii."

Hospitalini picha za eksirei zilionyesha mifupa yenye matundu matundu, kama ubao ulioliwa na mchwa. Walipima damu, mkojo na uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa. Majibu yalipotoka, daktari aliyeitwa Leticia aliwaita baba na Sabra.

"Bibi ana saratani ya damu, nayo imekaa kwenye uboho," alisema.

"Daktari, sasa damu inavunjaje mfupa?" Sabra aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mfupa si jiwe, una uhai. Zimo seli zinazobomoa mfupa uliochakaa, na zimo zinazojenga mpya. Mtu akiwa mzima, kazi hizo mbili zinalingana. Seli za saratani huvuruga mambo. Husababisha protini fulani iwe nyingi, nayo ikizigusa seli changa za ubomoaji, zinakomaa na kuanza kuula mfupa. Hutoa protini nyingine zinazozizuia seli za ujenzi. Na mfupa unapoliwa, unaachia kemikali zinazoilisha saratani yenyewe, basi inazidi. Madini ya kalsiamu yaliyokuwa mfupani humwagika kwenye damu. Yakizidi humo, mtu hukojoa sana; kiu ile ya bibi ilitoka huko."

"Atapona?" baba aliuliza.

Daktari alivuta kiti karibu. "Sitawadanganya. Haitaondoka yote. Zipo dawa za kupunguza seli za saratani, na nyingine za kuzituliza zile zinazobomoa. Anaweza kuishi nasi bado. Lakini uti wa mgongo umeshaanza kubonyea. Angekandamizwa pale, huenda miguu yake ingepooza."

Sabra alianza kulia. "Mimi ndiye niliyemvunja."

"Hukumvunja wewe. Mfupa ulikuwa umeshaliwa. Ila ulipoficha jinsi mkono ulivyovunjika, uliuficha na ugonjwa, nao ukaendelea kula."

Walirudi nyumbani bila bibi, maana alilazwa. Uani baba alisimama, akamshika Sabra bega. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka.

"Uongo wako ulikuwa maneno mawili tu, mwanangu. Kwa maneno hayo nimemtukana asiye na kosa, na nusura tumlemaze mama yangu kwa mikono yetu. Fimbo ya baba ingeuma siku moja. Siku alizozipoteza bibi yako hazirudi. Ukikosea, sema. Ukiogopa, sema huku unaogopa." Alionyesha kidole mlango wa mpangaji. "Sasa nenda kwa Jenifa. Nakuja nyuma yako, na mimi nina langu la kumwomba radhi."

Sabra alijifuta machozi, akaenda kubisha hodi.