Mshenga Ndani ya Kengele

Bi Dhahabu wa Chaani alikuwa mtu wa usafi, na siku hiyo alizidisha. Wakwe walikuwa waja kesho kumposa bintiye, Nadira. Kabati, viti, milango, vyote alivipulizia dawa ya kung'arisha. Hata kengele ya kutambua gesi inayovuja, iliyokuwa chini ukutani karibu na mtungi, aliipulizia ikameremeta.

Alasiri jirani yake, Kitsao, aliingia na viti vya kuazima. Kazi yake ni kupima gesi ndani ya matangi bandarini, kabla mafundi hawajaingia.

"Shikamoo, mjomba," Nadira alisema.

"Marahaba, bibi harusi." Macho yake yakatua kwenye kengele. "Bi Dhahabu, hii umeipaka nini?"

"Dawa ya viti. Yapendeza, sivyo?"

"Yapendeza, lakini pengine hainusi tena."

"Wacha mzaha, Kitsao!" Akabonyeza kitufe. Kengele ikalia. "Hii si yalia?"

"Kitufe hujaribu sauti, hakijaribu pua. Hata mwenye mafua hupiga kelele."

Kitsao akatoa kiberiti cha gesi. Hakukiwasha, aliachia gesi kidogo tu mbele ya kengele. Kimya. Bi Dhahabu akaketi.

"Ndani mna uzi mwembamba wa platinamu," Kitsao alieleza. "Umeme huupasha moto. Gesi ikitua juu ya platinamu hukutana na hewa, ikaungua bila mwale wa moto. Uzi huzidi joto, umeme wake hubadilika, kengele ikalia. Platinamu yenyewe haiungui. Ni kama mshenga."

"Mshenga?"

"Mshenga si huwakutanisha wawili wakaoana, naye akaenda kuwatafuta wengine? Basi ndivyo. Lakini dawa yako ina silikoni. Imemvika mshenga ganda, gesi na hewa hazina tena pa kukutania."

"Subhanallah! Kiuzi kama unywele, chafanya yote hayo! Nikioshe?"

"Ganda halitoki. Nunua nyengine. Uipanguse kwa kitambaa kikavu, usiipulizie kitu, wala dawa ya mende, wala marashi."

Jioni hiyo kengele mpya ikafungwa palepale chini, maana gesi ya mtungi ni nzito, hutambaa sakafuni. Kitsao aliijaribu kwa kiberiti chake. Ikalia.

Asubuhi Bi Dhahabu alipalia makaa uani, akatia udi kwenye chetezo. Harufu ikamjaa puani, hakunusa kingine. Alipokuwa akiingia nacho jikoni, mguu mmoja ndani, kengele ikapiga ukelele.

Akarudi nyuma upesi, akakiweka chetezo mbali uani.

"Nadira!"

"Abee, mama!"

"Toka nje! Usiguse swichi!"

Kitsao akaja mbio. Akafungua milango na madirisha, akafunga mtungi. Panya walikuwa wameutafuna mpira wa gesi. Akatia mpya, na jiko halikuwashwa mpaka kengele iliponyamaza.

Bi Dhahabu aliinama mbele ya kile kidude, akakitazama sana. Lau si hicho, wakwe wangekuta matanga.

Wageni walipofika, mshenga wao alitangulia, kanzu imenyooka. "Hodi! Mshenga nimefika."

"Karibu, bwana," Bi Dhahabu alicheka, machozi yakimlenga. "Lakini wewe ni wa pili. Wa kwanza yuko jikoni, na huyo hataki marashi."