Barafu Yenye Waridi

"Dada, hii barafu mmeitia nini leo? Wateja wangu wanasema wiski inanukia maulidi!"

Sitara alikuwa ndiyo kwanza anakunja mswala baada ya sala ya adhuhuri. Simu ikamganda sikioni.

"Wiski? Nani mwenzangu?"

"Caroline, meneja wa baa hapa karibu na bandari. Uledi nampigia hapokei, namba yako nimeikuta kwenye kifuniko cha boksi. Mzee mmoja katia vipande viwili katika glasi, kanusa, kasukuma mbali. Anasema hakuja kusomewa dua. Siku zote barafu yenu inang'aa kama kioo. Leo kulikoni?"

"Nimetia maji ya waridi. Niliambiwa ni ya sharubati."

"Nani kakudanganya? Miezi mitano hii sijauza sharubati hata glasi moja."

Miezi mitano! Miezi mitano Sitara amechemsha maji mara mbili ili barafu itoke bila ukungu, kwa kuwa Uledi, mchumba wake, alimwambia wauza sharubati wa Msimbazi ndivyo waipendavyo. Kila trei aliisomea Bismillahi. Na jokofu lenyewe ndilo mahari aliyoitaja kwa kinywa chake; Uledi alilitanguliza, nikahi ikapangwa Ijumaa hii.

Haukupita muda, Uledi akabisha hodi uani, kajaa tabasamu.

"Assalaam alaykum, bi harusi wangu."

"Wa alaykum salaam. Caroline anakutafuta."

Tabasamu likamtoka.

"Caroline... yupi?"

"Kumbe wako wengi?"

"Sitara, nisikilize. Pombe siijui hata ladha yake, wallahi. Barafu ni maji tu. Tena inaizimua, mtu halewi upesi."

"Ahaa, kumbe unatoa sadaka! Nenda basi kamweleze baba kwamba binti yake anawanusuru walevi wa mjini."

"Usinikejeli."

"Nani kamkejeli mwenziwe? Tumekaa mkeka mmoja chuoni, mimi na wewe. Maalimu alitufundisha kwamba laana ya pombe haimshiki mnywaji peke yake. Yumo anayeibeba, yumo anayeiandaa. Ulisahau?"

"Sikusahau. Ndiyo maana sikukwambia. Nilijua utakataa."

"Hebu rudia."

"Nilijua utakataa, Sitara."

"Basi jibu langu ulikuwa nalo, ukalikanyaga ukapita! Ungeniuliza, ningekukatalia, tungegombana, tungepatana. Wewe ukaona mikono yangu ni mali yako hata kabla ya nikahi."

Uledi akapiga magoti sakafuni.

"Nimekosa. Naapa, leo ndiyo mwisho. Sipeleki tena hata kipande kimoja."

Moyo wa Sitara ukalegea, maana kumpenda alimpenda kwelikweli. Alifumbua kinywa amwambie ainuke, na papo hapo simu ya Uledi ikaita. Jina likasomeka: Caroline.

"Pokea. Nami nisikie."

"Uledi! Kesho nina wageni wengi. Utaniletea isiyo na waridi?"

Lilihitajika neno moja tu, jepesi kuliko yote. Uledi akamtazama Sitara, akaitazama simu.

"Nitakupigia baadaye, dada Caroline."

Sitara akaenda ukutani, akachomoa waya wa jokofu kwa nguvu, mngurumo wake ukakatika.

"Sitara! Mbona sikumkubalia?"

"Wala hukumkatalia. Umeniapia kwa magoti, hata vumbi hujalipangusa, tayari unamwekea mwenzako akiba ya neno."

"Hivi toba haina nafasi?"

"Toba ipeleke kwa Mola wako, mlango wake haufungwi. Huu wa kwetu una komeo."

Akabonyeza namba kwa ghadhabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Wazee wa Ijumaa waambie wasije. Kisha niletee mahamali wanne. Kuna mahari inarudi kwa mwenyewe."