Karanga Alizomchagulia

Vinu vya sokoni vilikuwa vinanguruma na foleni ya akina mama imefika barabarani, pale binti mmoja alipojipenyeza mbele, koti jeupe mwilini, kitambaa cha buluu kichwani.

"Dada, foleni!" mwenye kinu alimpigia kelele.

"Sisagi mimi. Natoka maabara ya chakula. Naomba kilo moja ya karanga mnazotia kwenye unga wa uji wa watoto."

Msagaji akajifuta vumbi la unga machoni, akamwona vizuri, na ukali wote ukamtoka. "Njoo kesho. Nitakuwekea."

Utaratibu ulimtaka binti achote mwenyewe, juu, katikati na chini ya gunia. Aliujua. Lakini kijana alikuwa na tabasamu zuri, naye alitaka sababu ya kurudi.

Kesho yake alipewa kilo iliyofungwa vizuri. Wiki hiyo hiyo simu zikaanza.

"Hujambo, Bwana Unga?"

"Sijambo, Koti Jeupe. Umekula?"

"Unaniuliza kama mama yangu."

"Mama yako hakupendi kama mimi."

"Thubutu! Namwambia leo leo."

Mwezi wa pili wa mapenzi yao, Jumatatu asubuhi, binti alipiga akicheka. "Mpenzi, karanga zako safi kabisa! Sumukuvu hakuna! Alhamisi kamati ya wizara inaamua kama vinu vidogo vilazimishwe kupimwa. Kinu chako kinalisha nusu ya mji. Kwa majibu haya, nitawaambia hakuna haja."

Msagaji aliishusha simu sikioni. Binti alikwisha kumweleza kuwa sumukuvu ni sumu ya ukungu, haina harufu wala ladha, inakula ini polepole na kudumaza watoto. Na kilo ile msagaji hakuichota ovyo guniani. Alikaa asubuhi nzima akichagua punje moja moja, nono, zisizo na doa, kama anayemwandalia mchumba zawadi. Zenye madoa alizirudisha guniani, zikasagwa.

Mlangoni, mpwa wake alikuwa anakunywa uji. Mwaka mmoja na nusu, bado hajasimama.

"Dada, mnyang'anye kikombe!"

"Una wazimu?" dada yake alishangaa. "Si uji wako mwenyewe huu?"

Siku mbili msagaji hakulala wala hakula. Akisema, kinu kitafungwa na mpenzi ataondoka. Akinyamaza, sheria ya nchi itajengwa juu ya uongo wake, na vikombe vya watoto vitaendelea kujazwa.

Jumatano alikwenda maabara akasema yote.

"Ulinidanganya?"

"Nilikuchagulia, mpenzi."

"Ushahidi hauchaguliwi kama nyanya!" Kisha sauti ya binti ikashuka. "Na mimi nilikuachia uchote. Nitafukuzwa kazi."

Walitazamana kama watu waliosikia mlango ukifungwa kwa nje. Binti akachukua mifuko yake ya sampuli, akaenda naye kinuni, akachota mwenyewe hadi chini ya gunia. "Usinipigie," alisema, akaondoka.

Alhamisi alasiri simu ililia.

"Sumukuvu imezidi kiwango mara sita," binti alisema. "Nimewaeleza kamati kila kitu, na kosa langu pia. Vinu vyote vitapimwa. Chako kimefungwa hadi ulete karanga safi. Mimi nimepewa barua ya onyo."

"Na mtoto?"

"Mleteni hospitali sasa hivi. Nipo getini."

Walimkuta amesimama na koti lake, macho mekundu. Alimpokea mtoto kwa dada mtu, akamweka begani.

"Sina kinu tena," msagaji alisema. "Nikikuomba unioe hivi hivi nilivyo..."

"Wewe!" dada yake aliruka. "Anayeoa si wewe? Hata kuposa hujui!"

Binti alitaka kucheka, akamtazama mtoto. "Niulize vizuri majibu ya mtoto yakitoka. Nikiwa na hofu hivi, hata ndiyo yangu hutaisikia."

Akampa mkono ule usiomshika mtoto, wakaingia ndani.