Kishale Kilichovuka Ukingo

Kishale cha kompyuta kilipotelea kushoto. Si ajabu, mwenye skrini tatu nusu ya maisha yake huisha akikitafuta. Fundi wa picha alikitikisa kipanya huku na huku kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, akasonya. Kazi yake ilikuwa kufuta madoa kwenye nyuso za wateja, na bwana harusi wa picha hii alikuwa na chunusi za kutosha ukoo mzima.

"Uko wapi, mpuuzi wee?"

Akabofya kwa kubahatisha, kama alivyozoea. Mlio haukutoka mkononi mwake. Ulitoka kushoto, ng'ambo ya skrini ya mwisho, nyuma ya pazia, kwenye kaunta alikokaa dada yake. Ikafuata harufu ya nywele zilizoungua.

Dada yake akaingia, kajishika kidevu. "Mdogo wangu, hebu nitazame. Kovu langu liko wapi?"

Kovu la utotoni, la kuanguka ngazini. Pale kidevuni palikuwa laini kama yai.

"Umepaka nini?"

"Nipake nini, na wewe! Nimekaa zangu, nikasikia kitu cha baridi kimenidonoa." Akacheka. "Kama ni wewe, nitolee na haya makunyanzi. Au mpaka nilipie?"

Fundi hakucheka. Alikuwa ameshaachia kipanya, nacho kilijibofya chenyewe pale mezani.

Makunyanzi yakatoweka. Kisha nyusi moja.

"Acha basi," dada alinong'ona.

"Si mimi."

"Ni nani?"

Fundi akabonyeza tendua, kitufe cha kurudisha kilichofutwa. Nyusi ikarudi.

"Hapohapo! Endelea, usiache!"

Akabonyeza tena, lakini kile kitu nacho kikaongeza mwendo, kikibofya kwa utulivu wa mtu anayeijua kazi, kikifuta viwili kwa kila kimoja alichorudisha, na harufu ikajaa chumbani hadi koo likawasha, na dada akafumbua mdomo apige kelele na mdomo wenyewe ukaanza kufutika kuanzia pembeni, na fundi, ambaye miaka yote aliwacheka watu na majini yao na hirizi zao, akajitupa chini ya meza akang'oa waya wa umeme.

Skrini zikazima.

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Programu ile ya picha hujihifadhia kila hatua yenyewe. Ikizimwa, kilichofutwa kimefutwa; tendua haina tena pa kurudi. Kila aliyemfundisha kazi alimkaripia kwa kosa hilihili.

Akainuka taratibu. Dada yake alisimama palepale, vidole vikipapasa chini ya pua, palipokuwa na mdomo, vikitafuta pa kuingia. Macho tu ndiyo yaliyosema.

"Naiwasha sasa hivi, dada," akadanganya. "Vumilia kidogo tu."

Akageukia meza. Kwenye kioo cheusi cha skrini ya katikati aliuona uso wake mwenyewe, na juu ya midomo yake kishale cheupe, kimetulia, hakihitaji kutafutwa.