Bibi Harusi wa Chesisi

Ovaroli ya Mhina ilinukia asmini. Chausiku aliisogeza puani mara ya pili, maana tangu aolewe na huyu fundi hakuwahi kufua nguo yake isiyonuka grisi na moshi wa kuchomelea. Moyo ukamchoma.

"Baba Hafsa, huko gerejini mna mwanamke?"

"Mwanamke gani tena? Niko na ile Landrova kuukuu ya Hassanali mwenye duka. Chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, imeoza yote huko mbele, springi zimekatika. Nashinda chini yake."

Kushinda alishinda kweli. Chakula cha nyumbani alikigusa tu, simu akipigiwa hapokei, na kitandani alitabasamu peke yake akiutazama ukuta. Wivu haukumpa Chausiku nafasi ya kukaa. Adhuhuri moja alijitupia khanga akaenda Manundu, gerejini, tayari kumnyonyoa mtu nywele.

Hakukuwa na mtu wa kunyonyolewa. Landrova ilikuwa juu ya magogo, matairi ya mbele yameng'olewa, miguu ya mumewe imechomoza chini yake, na asmini ikinukia mpaka kichwa kikamgonga, na mumewe akinong'ona yale maneno ya chumbani ambayo Chausiku alidhani ni yake peke yake, na kutoka ndani ya kile chuma kitupu sauti ya kike ikacheka kidogo, kisha ikanyamaza ghafla, kama mwenye nyumba aliyesikia hodi.

Chausiku alipanda bodaboda moja kwa moja hadi Kwashemshi kwa mganga Sadala. Alasiri alirudi naye.

"Ulimwambia nini?" Sadala alimuuliza Mhina kwa sauti ya chini, ubani ukifuka katikati yao.

Mhina aliinamisha kichwa. "Ilikuwa masihara, mzee. Siku ya kwanza boliti ya springi iligoma kufunguka, kutu tupu. Nikaipapasa chesisi, nikasema, bibi wee, legea basi, ukilegea nakuoa. Ikafunguka yenyewe mkononi."

"Jini alikuwemo humo, naye akakubali. Sasa ni mkeo. Mbuzi hamtaki, kuku hamtaki. Kitakachomtoa ni talaka. Mtaje jina, umwache mbele yetu. Jina lake unalijua?"

"Nalijua."

Hilo lilimuuma Chausiku kuliko hofu yenyewe. "Mwache basi, baba Hafsa," alinong'ona. "Nakuomba."

Landrova ikaanza kutikisika taratibu juu ya magogo, springi mpya zikilia ingawa hakuna aliyezigusa, na asmini ikaufunika ubani wote, na Sadala akarudi nyuma hatua kwa hatua huku akisoma, na Mhina akainua uso, akamtazama mkewe kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia.

"Chausiku binti Semboja," alisema, "nimekuacha. Talaka tatu."

Chini ya gari, mtu akapiga vigelegele.