Saluni ya Mogesi Haifungwi Mdomo

"Kifunge hicho kitabu, Mogesi!"

Mniko alisimama mlangoni mwa saluni, shati jeupe la kampeni limemganda mgongoni kwa jasho. Ndani, wanawake wanne waliokuwa wakisikiliza wakageuka. Felista, aliyekuwa akiwasomea wenzake huku Mogesi akimsuka, akabaki na kitabu wazi mapajani.

"Tumefika pazuri," Mogesi alisema bila kuacha kusuka. "Waziri ameshabadilisha dawa za Rais. Ngoja tumalize sura hii."

"Nyamwaga nzima inasema mchumba wangu anafundisha watu kupindua serikali! Baba mkubwa ameniita. Kura za maoni za udiwani ni mwezi ujao!"

"Ni riwaya, Mniko. Hata hiyo nchi haipo."

"Mimi nakuambia acha!"

Akamnyang'anya Felista kitabu. Mogesi akafuta mikono kwa kitenge, akavua pete ya uchumba, akaiweka juu ya jalada.

"Beba vyote. Mume wa kunichagulia cha kusoma simtaki."

Mniko akaibana pete kwa kidole gumba isianguke. Akaondoka na kitabu na pete.

Mogesi alilia, lakini alilia akiwa amefunga mlango. Kesho yake alipanda gari hadi Tarime mjini, akarudi na riwaya nyingine ya siasa, nene kuliko ile. Wanawake wakaongezeka mpaka wengine wakakaa nje kwenye ndoo.

Mchana mmoja meseji ikaingia kwenye simu yake:

"Yule katibu wa Rais ni msaliti?"

Ilitoka kwa Mniko. Mogesi akaiweka simu chini, akaendelea kusuka. Ikaja nyingine:

"Mogesi tafadhali. Nimefika walipomkamata yule dada wa usalama. Jana nimekosa mkutano kwa ajili yake."

Mogesi akampigia.

"Nani amekuruhusu kusoma kitabu changu?"

"Nilitaka kuona kibaya chake."

"Ukakiona?"

"Nilijiona mimi. Yule kijana anayeitikia kila anachoambiwa na wakubwa. Nilikuaibisha mbele ya wateja wako. Nisamehe."

"Msamaha wa kwenye simu hauna miguu. Ulinifokea mbele ya watu."

"Basi Jumapili twende wote kwa baba mkubwa. Utasikia nitakachosema."

Jumapili, nyumbani kwa baba mkubwa wa Mniko, Mzee Nyamhanga, wazee wa chama walikuwa wamejaa sebuleni. Mogesi akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Binti, hivyo vitabu vyako vinatuharibia mgombea."

"Vinaharibu nini, baba?"

"Vinasema viongozi ni wezi na wauaji!"

"Vinasimulia habari za waziri wa nchi ya kutunga. Hapa Nyamwaga hakuna anayefanana naye, au yupo?"

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Nyamhanga akapiga meza.

"Mniko! Huyu mwanamke au udiwani. Chagua sasa hivi!"

Mniko akasimama.

"Baba mkubwa, umenilea, nakuheshimu. Lakini nitaomba kura nikiwa na mwanamke anayesoma. Na mimi nasoma. Asiyetaka kunipigia, asinipigie."

"Utashindwa!"

"Nitashindwa nikiwa na akili yangu."

Na kweli alishindwa. Nyamhanga alipita nyumba kwa nyumba kumwangusha. Siku ya matokeo Mniko alikwenda saluni moja kwa moja, wanawake wote wakiwa pale.

"Nilikufokea mbele ya hawa, na naomba radhi mbele ya hawa. Sina udiwani, Mogesi. Utanikubali hivihivi?"

"Utanichagulia cha kusoma?"

"Sitakuchagulia."

"Ndugu zako wakisema?"

"Waseme na mimi. Wewe wakuache usome."

Mniko akatoa pete, Mogesi akamnyooshea kidole avishwe, na wanawake wakapiga vigelegele hadi madereva wa kituo cha bodaboda wakageuka.

Mzee Nyamhanga alitangaza kwamba hataikanyaga harusi hiyo, na wa kwake wote wasiende. Siku ilipofika, mkewe alivaa gauni la kijani, akampita sebuleni bila kuaga, akafika kanisani kabla ya bibi harusi. Jioni litungu, ala ya nyuzi ya ngoma za kwao, likapigwa, na mama yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia uwanjani kucheza.